Wosia wa ndoa wa bibi zetu: tumebeba nusu, nusu ya pili tumeiacha mkekani

#1 Mama Wawili (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu mtaniwia radhi, nimeuandika vipande vipande kwa siku mbili.

Iko hivi. Jumamosi ya wiki ijayo mtoto wa dada yangu anafanyiwa kicheni pati na mimi kama mama yake mdogo nimepangiwa kukaa naye mkekani nimuusie. Tangu nipigiwe simu silali vizuri. Nakumbuka nilichousiwa mimi mwaka 2011, nikiangalia na yaliyotokea kwetu hapa katikati, naona siwezi kufungua mdomo nikamrudishia yule mtoto maneno yaleyale.

Mwaka ule nilikaa kwenye mkeka ukumbi mmoja huku Kimara, nimefunikwa kanga mbili kichwani, jasho linanitiririka mpaka wanja umeshuka mashavuni. Kamati ilikuwa imemkodi kungwi anayejulikana mjini, mama ana sauti hahitaji maiki. Akaanza. Mume akirudi saa nane usiku usimuulize katoka wapi, muulize nikuwekee maji ya kuoga? Simu yake ni moto wa mkaa, ukiigusa utaungua mwenyewe. Mume ni mtoto wako mkubwa, mtoto hagombezwi anabembelezwa. Akikunyanyulia mkono usitoke nje, funga mlango, osha uso, pika, jirani asijue. Hata kama umelala umekasirika akikutaka mpe, hasira utaikuta asubuhi. Kwa kila neno ukumbi mzima unapiga vigelegele, shangazi zangu, walimu wangu, mama zangu wa kanisani na majirani wa Kiislamu wote wamevaa sare moja ya kitenge, na mimi chini ya kanga natikisa kichwa naitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa katoka Muheza kwa ajili ya shughuli ile. Alikaa pembeni ya mkeka miguu kainyoosha, siku nzima hakusema kitu zaidi ya "haya". Usiku kama saa tisa hivi watu wote wamelala, nikasikia mtu ananigusa mguu. "Mke mwenzangu, amka." (Kwetu bibi anakutania hivyo, wewe ni mke wa babu.) Nikajua anataka nimsindikize msalani. Kumbe hapana, akakaa kitandani akashika pindo la kanga yake, lile fundo ambalo bibi zetu wote wanalo, lilikuwa limekaza kweli akawa analifungua kwa meno. Akatoa noti mbili za elfu kumi zimekunjwa ndogo utadhani hirizi. Akaniwekea kiganjani akanifumba vidole.

"Hii sio zawadi, hii nauli."

Nikamuuliza nauli ya wapi tena bibi?

"Ya kuja kwangu. Usinunulie sukari, usimkopeshe mumeo, mtoto akiumwa tafuta nyingine. Nauli ikipanda na wewe ongeza."

Nikamwambia lakini bibi si mchana wamesema nivumilie? Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Vumilia mwanangu. Lakini anayevumilia nauli anayo na anayevumilia hana, hao sio watu wawili sawa. Babu yako alikuwa anajua ninayo, ila hakujua iko wapi."

Siku hizo mabasi ya Tanga bado yanapandiwa Ubungo, Mbezi stendi haijajengwa. Namshukuru Mungu sijawahi kwenda Ubungo na ile hela kwa sababu ya ugomvi, mume wangu ni mtu mwema, ila mpaka leo nauli ninayo na nimeongeza kila ilipopanda kama alivyoniagiza. Na mume wangu anajua ninayo.

Sasa nije kwenye kilichoniuma.

Mdogo wangu wa kwa mama mdogo aliolewa miaka kadhaa baada yangu, kichen pati kubwa kuliko yangu, wosia uleule. Bibi alikuwa ameshafariki. Hakukuwa na mtu wa kumwamsha saa tisa. Mwaka wa pili akaanza kupigwa. Akarudi nyumbani, mzee mmoja wa ukoo wetu akamwambia rudi kwa mumeo, hata mama yako alipitia, ndoa ndivyo zilivyo. Akarudishwa na kilo mbili za sukari na kitenge kipya, kama ni yeye aliyekosea ndo anaenda kuomba msamaha. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu alikuja na bodaboda usiku, mtoto mgongoni, kandambili mguu mmoja. Akarudishwa tena asubuhi kabla ya majirani kuamka. Nisikilizeni vizuri hapa: mara zote tatu HAKUNA ALIYEMWITA YULE MWANAUME akaulizwa hata swali moja.

Mara ya nne alivunjwa taya. Mimi ndo nilienda naye polisi kuchukua PF3 (ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa) ili atibiwe, akaandika maelezo kwenye karatasi dawati la jinsia maana hawezi kuongea. Wiki sita anakula uji mwepesi kwa mrija. Nakaa naye namshikia kikombe, kila nikimwangalia nasikia vile vigelegele vya ukumbini.

Nilikuja kuongea sana na mama yangu baada ya hapo, nikamuuliza hivi kina bibi walikuwa wanavumilia vipi? Mama akashangaa, akasema nani kakwambia bibi yako alivumilia tu? Bibi alirudi kwao mara mbili. Kwa enzi zao mke akirudi kwao anakaa, hatumwi kurudi. Mume ndo anatakiwa aje na mshenga na wazee wake, anakalishwa chini, anaulizwa mbele ya wajomba wa mke, akionekana ana kosa anatozwa na bado anapewa onyo. Mara ya pili babu alikaa barazani kwa wakwe tangu asubuhi mpaka jua linazama, hakupewa hata maji ya kunywa, watu wanapita wanamsalimia wanaendelea na shughuli zao. Mama anasema hajawahi kumnyanyulia bibi mkono tena mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo wakuu naona "vumilia" ya wazee ilikuwa ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ilikuwa wajomba, baraza, faini, aibu, na lile fundo la kanga. Sisi tumehamia mjini, wajomba wako mbali au wako bize, baraza hakuna, tunaishi vyumba viwili na geti, halafu tumeichukua ile nusu moja tu ya "vumilia" tukaiwekea spika na MC. Bibi angeisikia ile ya "funga mlango jirani asijue" angeshangaa, maana kwake mlango wenyewe ulikuwa pazia na jirani ndo alikuwa anakuja kuamulia.

Naombeni mchango wenu, nyie mliambiwa nini na mngemwambia nini binti wa miaka 24 anayeolewa sasa hivi?

#2 Mtu wa Singida

Mleta uzi umenigusa. Sisi wanaume huwa hatuna mkeka lakini tunausiwa pia, mimi mzee wangu aliniita nyuma ya zizi usiku wa kuamkia harusi akanipa mambo matatu. Mkeo asijue mshahara wako. Mkeo asijue unacholia. Usile jikoni. Nimekaa na hayo miaka tisa. La jikoni niliacha mwaka wa kwanza tu maana wife anatoka kazini saa moja usiku na mimi nimefika saa kumi, sasa nikae nimsubiri na njaa kisa mila? La mshahara ndo sijaliacha mpaka leo na sioni ubaya wake, mwanamke akijua una kiasi gani bajeti inapanda palepale. Nikosoe kama nakosea.

#3 Mama Wawili (mleta uzi)

Mkuu wa Singida asante kwa kusema ukweli, naomba nikujibu kwa yaliyomkuta kaka yangu kabisa, tumbo moja.

Baba alimuusia hivyohivyo, mshahara ni siri ya mwanaume. Kaka hakuwa mtu mbaya hata kidogo, hela ya matumizi haikukosekana, ada analipa. Akapata ajali ya gari, akafa palepale barabarani. Tunamaliza matanga wifi hajui mume wake alikuwa na akaunti ngapi, hajui alikopa kwenye Saccos ya kazini na amebakiza kiasi gani, hajui kiwanja kiko wapi. Alikuwa anasikia tu kuna "kishamba upande wa Kibaha". Laini ya simu ina neno la siri hakuna anayelijua. Karatasi ya mauziano ya kiwanja tuliikuta baada ya miezi mitano ndani ya kiatu cha zamani juu ya kabati, imeandikwa kwa mkono serikali ya mtaa, mashahidi wawili, mmoja naye kashafariki. Tulipofika kiwanjani tumekuta msingi wa mtu mwingine.

Wifi alitembea na ile bahasha ya kaki ya mirathi karibia miaka miwili. Kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama ya mwanzo, tangazo, benki, rudi leta picha, rudi leta cheti cha ndoa, rudi kesho. Na kwenye kikao cha ukoo ndugu wengine wakawa wanamuuliza kwa sauti ya kumtilia mashaka, wewe ulikuwa mke gani usijue mali za mumeo? Mwanamke alikaa kimya analia. Baba yetu alikuwepo pale. Aliinamisha kichwa, na baada ya kikao alimwita mdogo wetu wa mwisho ambaye ana mke akamwambia kamwonyeshe mkeo kila kitu ulichonacho, leo. Mzee wa miaka 74 kabadilisha wosia wake mwenyewe barazani. Sijawahi kumheshimu baba kama siku ile.

Nakuelewa unapoogopa bajeti kupanda mkuu. Lakini baba alipousiwa hilo na baba yake, mali ilikuwa ni ng'ombe na mnazi na shamba, hata usipomtajia mke idadi anawaona, na ukoo mzima unajua mpaka wa shamba uko kwenye mti gani. Siri ilikuwa ya maneno tu. Sasa hivi mali yako iko kwenye namba ya siri tarakimu nne, ukifa nayo imekufa.

#4 Bint wa Amu

Salamu kutoka Kenya, mimi ni mzaliwa wa Lamu naishi Mombasa. Nimesoma nikakumbuka sisi wosia wetu hata umeandikwa, Mwana Kupona wa Pate aliutunga kwa mashairi mwaka 1858 akamwachia bintiye Hashima, na sisi tumekaririshwa na nyanya zetu hata kabla hatujajua maana. Mle ndani mke ana radhi tano za kutafuta, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Asitoke bila idhini, asimuamshe mume akilala, asipandishe sauti. Nilipokuwa msichana nilikasirika nao sana.

Nikiwa mkubwa nikaurudia polepole nikaona kitu ambacho waalimu hawakuniambia. Yule mama aliandika akiwa mgonjwa, mumewe Bwana Mataka wa Siyu ameshakufa, anajua yeye naye anaenda, na mtoto ni mdogo atabaki mikononi mwa watu. Ni mama anayetafuta kila njia binti yake asije akafukuzwa akakosa pa kulala. Sasa ukitoa hofu ile ukabakisha amri tu, ukamsomea msichana wa leo ana digrii na kazi kule Nyali, unakuwa humtendei haki mama wala binti.

Sheria zetu zimeshatembea. Katiba ya 2010 na Sheria ya Ndoa ya 2014 zinasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na wakati wa kuvunjika. Ile ya mali ya ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa ni mchango. Lakini somo (kungwi wa kwetu) bado anafundisha kama hakuna kilichotokea.

#5 Mzee wa Busara

Vijana mnawasema wazazi wenu vibaya. Ndoa za wazee zilidumu miaka 50, zenu miezi sita mko mahakamani. Kama wosia wao ni mbovu mbona wao walidumu? Leo vijana wanaimba kataa ndoa mitandaoni kwa sababu mabinti hawafundishiki. Mama anayejitafutia nauli ya kuondoka siku ya kuingia, huyo ameingia kweli?

#6 Mama Wawili (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo. Nakujibu kwa heshima zote maana hata bibi yangu nampenda ndio maana naandika.

Kwanza sio kweli kwamba zote zilidumu. Huku kwetu Tanga na pwani yote talaka ilikuwepo tangu zamani, mwanamke anaachika, anakaa eda, anaolewa tena na hakuna anayemnyooshea kidole. Bibi mwenyewe kwa babu ilikuwa ndoa yake ya pili! Shoga yake aliyekuwa anakuja kuchambua naye mchele pale barazani aliolewa mara tatu. Tumeyasahau hayo, tumebaki na picha moja ya wazee wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki tunasema walidumu. Na wengine waliodumu kweli tuwe wakweli, walidumu kwa sababu shamba ni la mume, watoto ni wa ukoo wa mume, na kwao mahari imeshaliwa. Ukiwa huna pa kwenda huo sio uvumilivu mzee wangu, huo ni ufungwa.

Halafu kuhusu nauli. Bibi alikaa na babu miaka zaidi ya arobaini na fundo lake kwenye kanga. Lile fundo halikumtoa nyumbani. Alikuwa anaamka asubuhi anajua yuko pale kwa sababu anataka, na babu naye anajua hivyo. Mimi nikiangalia mume wangu tunavyoishi naona ni kitu kilekile.

Na sio maneno ya mabinti wa mitandaoni haya. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ni ya mwaka 1971, hata mimi sijazaliwa, kifungu cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ikatamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Yani wakati kungwi wangu ananiambia "osha uso pika" ilikuwa imepita miaka 40 tangu serikali iseme hapana. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 uliwauliza wanawake kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga, asilimia 58 walikubali sababu angalau moja. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Sisi wanawake tumewazidi wanaume kukubali kupigwa! Hayo tunafundishana wapi kama sio palepale mkekani?

#7 Mwalimu wa Mbozi

Mimi nachangia dogo tu. Kwetu ilikuwa ni firigisi. Kuku akichinjwa firigisi ni ya baba, mtoto ukiila ni kosa kubwa, mama yangu amepika kuku miaka yote ile hajawahi kuionja. Nilipooa mke wangu akaniletea firigisi peke yake kwenye kisosi, kafundishwa hivyo. Nikaikata katikati nikampa nusu. Akaishika mkononi hajui afanye nini, machozi yakaanza kumtoka, akasema mama yangu hajawahi. Tangu siku hiyo tunagawana, na watoto wakiwa wakubwa tutagawana wote hata kama kila mtu anapata kipande cha kucha. Ni nyama kidogo sana wakuu lakini mimi naona ndoa yangu ilianzia hapo, sio kanisani.

#8 Mama Wawili (mleta uzi)

Mwalimu umeniliza, nimemsomea mume wangu hapa akaenda jikoni mwenyewe.

Nimesoma michango yote na nyingine za inbox. Wanaouliza mdogo wangu yukoje, yuko hai, taya limeunga ila upande mmoja haufunguki vizuri, ana genge la mboga huku Mbezi na mtoto yuko darasa la tatu. Kesi bado inaendelea kwa hiyo sitasema zaidi. Yule mzee wa ukoo aliyemrudisha mara tatu alikuja hospitali na matunda. Alikaa dakika kumi anaangalia sakafu. Hakusema pole, akasema "sikujua". Mimi namwamini kwamba hakujua, maana na yeye alifundishwa nusu.

Jumamosi nimeshaamua. Sitamtukana kungwi wala kuharibu shughuli ya dada yangu, watu wamechanga hela zao. Mengine ya wazee nitamwambia vilevile kama nilivyoyapokea, asimkosoe mume mbele ya watoto, mambo ya chumbani yasifike saluni, wakwe awasalimie hata kama wameamka vibaya, asilale na chombo kichafu. Bibi aliyasema hayo na bado yanafanya kazi kwangu. Ila ikifika zamu yangu nitasema kwa maiki, wote wasikie na mama mkwe wake akiwepo, kwamba huyu mtoto akirudi nyumbani HARUDISHWI mpaka mume aje na watu wake akae chini aulizwe. Dada yangu nimeshamwambia, kalia kidogo kwenye simu halafu kakubali. Wajomba wawili nimewapigia, mmoja kasita, mmoja kasema nitakuwepo na namba yangu apewe huyo kijana aiseve.

La pili la usiku nitalifanya usiku.

Sasa naombeni msaada wa mwisho, mnisaidie haraka. Mume wa huyu binti anafanya kazi Mpanda na wanahamia huko mwezi ujao. Mwenye kujua nauli ya basi kutoka Mpanda kuja mpaka Muheza kwa sasa, akiwa na mtoto mmoja wa kupakata, na hela ya chakula njiani na ya kulala njiani kama basi likichelewa, aniandikie jumla ni shilingi ngapi. Nataka nifunge ya kutosha.